Seli Haina Matanga

Kabla hujamaliza kusoma aya hii, mamilioni ya seli za mwili wako zitakuwa zimejiua. Hakuna ugonjwa uliozishambulia. Kila moja ilipata ishara, ikawasha mtambo wa kujibomoa iliozaliwa nao, ikajikata vipande, ikajifunga vifurushi, na majirani wakaja wakavila. Wewe hukuhisi hata mwasho. Kesho itakuwa hivyo hivyo, na siku kazi hii ikisimama, hapo ndipo utaugua.

Nimekaa na jambo hili miezi kadhaa hapa Bukura, na linanisumbua kwa sababu moja. Watu wetu wanapenda sana kuuita umma mwili. Tunasema taifa lina uti wa mgongo, familia ina kichwa, serikali ina mkono mrefu. Sasa, kama mwili ndio mfano wetu wa kuishi pamoja, na mwili wenyewe unaishi kwa kuua sehemu zake kila sekunde, tulikubali nini tulipouchukua mfano huo? Kifo cha mmoja kinachowapa wengi amani kinaweza kuwa haki? Na kama ndani ya ngozi ni haki, kwa nini nje ya ngozi isiwe?

Mkulima yeyote wa huku analijua jambo hili hata kama neno seli hajawahi kulisikia. Mahindi yakianza kujaza punje, majani ya chini hugeuka manjano, kisha hukauka. Wakati mwingine ni mbolea imepungua, kweli. Lakini hata shamba lililolishwa vizuri hufika hapo, kwa sababu jani linajivunja lenyewe na nitrojeni yake inapelekwa juu kwenye hindi. Hakuna anayelililia jani. Tunakula ugali uliotokana na kifo chake na tunaomba sufuria iongezwe.

Mwaka 1972, wanasayansi watatu waliokutana katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, yaani John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, walihitaji jina la kifo cha namna hii walichokuwa wanakiona kwenye hadubini. Profesa mmoja wa Kigiriki chuoni hapo akawapa neno la kale linalohusu kuanguka kwa majani mtini. Ndipo tukapata neno apoptosisi. Nililipenda neno hilo siku ya kwanza nilipolisoma, maana lilitoka shambani.

Baadaye watu wakahesabu. Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston kule Afrika Kusini, alichagua mnyoo mdogo wa milimita moja ili aifuatilie kila seli tangu yai. Wenzake, John Sulston na Robert Horvitz, wakaendelea na kazi. Wakakuta kwamba mnyoo huyo anapokua hutengeneza seli 1,090, na 131 kati yake hufa. Ni zile zile 131, katika kila mnyoo, kwa wakati ule ule. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kilichonishika mimi si tuzo. Ni kwamba kifo kimo ndani ya mpango tangu mwanzo, kama vile fundi anavyojua kwamba mbao za kumimina zege zitang'olewa nyumba ikisimama.

Lakini mnyoo ni mnyoo. Mahali ambapo kifo hiki kinaanza kufanana na siasa ni katika kinga ya mwili, hasa katika zile seli zinazoitwa seli T.

Seli T huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, kisha husafiri hadi kwenye tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, juu ya moyo. Inaitwa thaimasi, na herufi T imetoka hapo. Ni kubwa utotoni, halafu husinyaa kadiri tunavyokua. Kwa miaka mingi madaktari walidhani haina kazi. Waliiona imejaa seli zilizokufa, wakaiita makaburi. Mwaka 1961 Jacques Miller, akiwa London, aliwatoa panya wachanga tezi hiyo akaona wanakua bila kinga ya kueleweka, wanakufa kwa maambukizi. Kumbe yale makaburi ni shule.

Shule yenyewe ni kali. Kila seli T inapofika hutengeneza kipokezi chake kwa bahati nasibu: inachanganya vipande vya jeni kama mtu anayechanganya karata, ikapata umbo ambalo huenda hakuna nyingine inalo. Umbo hilo ndilo litakaloamua itamtambua adui gani. Faida ya bahati nasibu ni kwamba hata kijidudu ambacho bado hakijaumbwa, kuna seli fulani mahali fulani inayoweza kukitambua. Hasara yake unaiona mwenyewe: ukigawa silaha ovyo ovyo, nyingine zitaelekea nyumbani.

Kwa hiyo kuna mitihani miwili. Wa kwanza unauliza: unaweza kusoma hata kidogo vitambulisho ambavyo seli za mwili huu hubeba juu yao? Seli isiyoweza haiuawi na mtu. Inakosa tu ishara ya kuishi. Inasubiri, hakuna anayeiita, inajifia. Wa pili unauliza kinyume: unashika sehemu za mwili wako kwa nguvu kupita kiasi? Hapa thaimasi ina hila ya ajabu. Kwa msaada wa jeni iitwayo AIRE, seli zake hutengeneza vipande vya protini za viungo vya mbali, za kongosho, za jicho, za ngozi, na kuzionyesha seli T changa. Ni kama mwalimu aliyebandika ukutani picha za kila jamaa wa ukoo. Anayechomoa panga mbele ya picha ya shangazi anaamriwa ajimalize hapo hapo. Watu waliozaliwa na AIRE mbovu hushambuliwa na kinga yao wenyewe kwenye tezi mbalimbali za mwili, maana kuna picha ambazo hazikubandikwa.

Wanaohitimu ni wachache sana. Zaidi ya asilimia 95 ya seli T zinazoanza safari thaimasi hufia humo.

Ukiwa Mkenya huwezi kusoma takwimu hiyo bila kufikiria mtihani wa kidato cha nne. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma kupatikana, na siku hizi naandika na kuhariri kwa yeyote anayelipa. Kwa hiyo nilipofika kwenye ile sehemu ya mtihani wa kwanza nilisimama kidogo. Wengi wa wanaokufa thaimasi hawana kosa lolote. Hawakumshika mtu. Hawakuitwa tu. Wataalamu wana jina la kifo hicho, na tafsiri yake ya karibu ni kufa kwa kutotunzwa.

Nikatazama stendi ya bodaboda. Nikahesabu wenzangu niliosoma nao.

Hapo ndipo nilipomweleza kukhu habari hii yote. Ni mtu wa kuuliza, na alinisikiliza akiendelea kuchambua maharagwe. Nikamwambia mwili huzalisha seli mia, ukazichuja, zikabaki mbili au tatu, na ndiyo maana tunaishi. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, hizo zingine zote zikifa, matanga yao yako wapi?"

Nikacheka, nikamwambia, "Kukhu, seli haina matanga."

"Basi usiniambie ni kama watu."

Nataka kulijibu neno la kukhu kwa haki, kwa sababu naona ndilo jibu la swali langu. Ila kwanza nimpe mwili nafasi ajitetee, maana ana hoja nzito.

Hoja yake ni hii. Fikiria umepata homa ya virusi. Mahali fulani katika mitoki yako kuna seli T chache zinazoweza kukitambua kirusi hicho. Zikikutana nacho huanza kugawanyika, mbili zinakuwa nne, nne nane, na katika wiki moja hivi seli moja inaweza kuwa imezaa jeshi la maelfu. Ndiyo maana shingo inavimba. Jeshi hilo linaua seli zako zilizoambukizwa, linamwaga kemikali za moto, joto linapanda. Kirusi kinaisha. Halafu? Sasa una maelfu kwa maelfu ya askari wenye silaha, wamezoea vita, na vita vimekwisha.

Mwili hauwapi pensheni. Katika wiki zinazofuata, asilimia 90 hadi 95 ya askari hao hufa. Wengine hufa kwa sababu zile ishara za vita zilizokuwa zikiwalisha zimekatika. Wengine, wale waliochokozwa tena na tena, hufa kupitia mlango maalumu. Juu ya ngozi yao wana kipokezi kiitwacho Fas, na jirani akikigusa kwa ufunguo wake, mtambo wa kujibomoa unawaka. Wanaobaki ni wachache tu, seli za kumbukumbu, ambao hukaa kimya kwa miaka wakisubiri adui yule yule arudi. Chanjo zote tulizopigwa mkononi utotoni hutegemea kumbukumbu ya namna hiyo.

Tunajua umuhimu wa mlango wa Fas kwa sababu kuna waliozaliwa nao umekwama. Mwaka 1992 watafiti wa Japani walionyesha kwamba aina fulani ya panya waliokuwa wakivimba tezi mwili mzima wana hitilafu kwenye jeni ya Fas. Mwaka 1995 hitilafu ya aina hiyo ikapatikana kwa watoto. Tezi zao za limfu zinavimba na hazirudi, bandama linakua, na kinga yao huanza kuharibu chembe za damu yao wenyewe. Hakuna adui aliyeingia. Askari tu walikataa kwenda.

Na namna ya kufa pia ina maana. Seli inayokufa kwa mpango hufunga uchafu wake ndani, hubandika juu yake alama ya kusema niliwe, na seli walaji huja kuimaliza bila kelele. Seli inayokufa kwa ajali, kwa moto au kwa sumu, hupasuka na kumwaga yaliyomo. Majirani wanawaka, uvimbe unaanza, askari wapya wanaitwa. Kifo cha vurugu huzaa vita.

Huku kwetu tuna ushahidi wa pande zote mbili. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari mpasuaji Mwairishi aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Baadaye alizunguka Afrika akichora ramani, na ugonjwa ukaonekana kufuata ukanda wa joto na mvua, ule ule wa malaria. Magharibi mwa Kenya, kandokando ya ziwa, imo. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakapata ndani yake kirusi ambacho sasa kinabeba majina ya wawili kati yao. Ni saratani ya ndugu wa seli T, seli B. Ndani yake, kipande cha kromosomu ya 8 kimehamia mahali pasipo pake, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14, na jeni ya kuharakisha ukuaji imekwama ikiwa imewashwa. Kwa kawaida seli iliyokurupuka hivyo hujiua. Hii imefunga milango ya kutokea. Na walinzi wanaopaswa kuikamata, yaani seli T, huchoshwa na malaria ya kila msimu: watafiti waliolinganisha watoto wa Kisumu na wa nyanda za juu za Nandi waliona kwamba kwa watoto wa Kisumu wa miaka 5 hadi 9, mwitikio wa seli T dhidi ya kirusi hicho ulikuwa umelegea. Dawa za saratani hiyo zinafanya nini? Kwa sehemu kubwa, zinailazimisha seli ikumbuke kufa.

Upande wa pili ni ule tulioufukia karibu kila boma. Serikali ya Kenya ilitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, wakati wengi wetu tulikuwa bado hatujazaliwa au tuko mgongoni. Virusi vya UKIMWI hushambulia seli T za aina ya CD4, zile zinazoongoza wengine. Ni rahisi kudhani kwamba kila seli inayokufa imetekwa na kirusi. Mwaka 2014 watafiti wa San Francisco walionyesha kwamba katika mitoki, nyingi mno ya zinazokufa ni seli ambazo kirusi kilijaribu kuingia kikashindwa kuzaliana. Seli inagundua mabaki ya mgeni ndani yake, inaamua kujilipua, na mlipuko wenyewe unaita seli nyingine zije pale pale, nazo zinalipuka. Yaani ujasiri wa kila mmoja ndio uliomaliza jeshi zima.

Na kuna habari ya Majengo, Nairobi. Tangu miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Manitoba, Kanada, vimewafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono katika eneo la Pumwani. Wachache kati yao walikutana na kirusi hicho tena na tena kwa miaka bila kuambukizwa. Watu walitarajia kukuta kinga kali isiyo ya kawaida. Sehemu ya walichokikuta ni utulivu: seli T zao zilikuwa zimepoa kuliko za wengine. Kirusi hupenda seli iliyochachamaa. Ikikuta imetulia, hakina pa kuota mizizi.

Basi mwili unasema: ona, amani yangu inategemea kujua nani asiingie jeshini, nani aondoke vita vikiisha, na nani atulie. Ukikataa kifo, unapata uvimbe. Ukikizidisha, unapata makaburi.

Ni hoja nzuri mno, na ndiyo maana inanitisha. Kwa sababu kuna watu wameshaichukua nje.

Tuna msemo kila mtu anaujua, samaki mmoja akioza, wameoza wote. Siku moja sokoni niliusikia ukisemwa na mtu mzima, kwa sauti ya kawaida kabisa, wakati kijana aliyeshikwa na simu ya wenyewe alikuwa chini na tairi limeshaletwa. "Huyo ni saratani," akaongeza mwingine. Aliyeokoa hali ni mama muuza mboga, aliyesukuma watu akipiga kelele kwamba anamjua mama wa huyo mtoto. Hakusema kijana hana hatia. Alisema tu ana mama. Watu wakapoa kiasi cha kutosha kumfikisha kituoni.

Na tuna neno lingine, madoadoa. Katika Bonde la Ufa neno hilo lilitumiwa kuwaita majirani wa kabila jingine, kana kwamba ardhi ni ngozi na wao ni doa la kufutwa. Katika ghasia za baada ya uchaguzi, mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, waliouawa kote nchini walifika 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki. Lugha ya mwili ilitangulia, panga likafuata.

Sasa nilijibu neno la kukhu. Tofauti iko wapi kati ya thaimasi na tairi?

Tofauti ya kwanza ni kwamba seli haina maisha yake inayoyapoteza. Haina kesho inayoisubiri, haina deni, haina mtu iliyemwahidi kitu. Nzuri yake yote ni nzuri ya mwili. Mtu siyo kiungo cha kijiji kwa namna hiyo. Kijiji kipo kwa ajili yake angalau sawa na yeye alivyo kwa ajili ya kijiji. Ndiyo maana huku kwetu hata mwizi aliyeuawa hurudishwa kwao akazikwa, na watu wakaja, wakakaa, wakala. Matanga ni namna ya kijiji kukiri kwamba kilichoondoka hakikuwa kipuri. Mwili una akiba ya seli. Mama hana akiba ya mtoto.

Tofauti ya pili ni ya haki yenyewe. Thaimasi humuua asiye na kosa bado. Inaangalia umbo lake, inakisia atakachofanya, inammaliza mapema. Kwa seli hilo ni busara. Kwa mtu ni ule uovu wa kumhukumu kijana kwa sura yake, kwa nywele zake, kwa jina lake la pili. Kila anayesema tuwaondoe kabla hawajatudhuru anaendesha thaimasi kati ya watu.

Tofauti ya tatu nimeipata ndani ya mwili wenyewe, na ndiyo inayonipa moyo. Kuua hakutoshi hata kwa mwili. Thaimasi inakosea, seli kadhaa zenye panga la kuelekea nyumbani hutoroka na kuzunguka ndani ya kila mmoja wetu, wazima tukiwemo. Kwa nini basi hatuugui sote? Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alieleza kundi la seli T ambalo kazi yake ni kutuliza nyingine. Baadaye Mary Brunkow na Fred Ramsdell, wakifanya kazi Marekani, walipata jeni iitwayo FOXP3, ambayo ikiharibika walinda amani hao hukosekana na mwili hujishambulia. Watatu hao walipewa Nobel mwaka 2025. Lakini sikiliza jambo lenyewe: wengi wa walinda amani hao ni seli zinazoutambua mwili wao kwa nguvu kuliko kawaida, karibu na kiwango kile kile kinachowapeleka wengine kifoni. Badala ya kuuawa, wanapewa kazi nyingine. Ile ile hali ya kuwashika jamaa sana, inayomfanya mmoja kuwa hatari, inamfanya mwenzake kuwa mtulizaji.

Kwa hiyo mtu akija kwako na hoja kwamba maumbile yanafundisha kuwang'oa wabaya, mwambie hajasoma hadi mwisho. Hata tezi isiyo na akili imegundua kwamba baadhi ya waliopaswa kufa wanafaa kupewa wadhifa.

Kuna somo moja tu la mwili ambalo niko tayari kulichukua, nalo ni la askari wasiokwenda nyumbani. Hilo tunaliumwa. Tuna watu waliopigania kitu kizuri zamani, wakashinda, na mpaka leo wamekalia kiti wakiwasha moto kutafuta adui mpya ili waonekane bado wanahitajika. Tuna koo zilizogombania mpaka wa shamba, mpaka ukapimwa, vigingi vikapigwa, na hasira ikabaki imejaa mitoki. Kitu fulani lazima kife vita vikiisha. Lakini ni kitu gani?

Majirani zetu Watiriki, kule Vihiga, walikuwa na jibu. Jamii yao ilipangwa kwa marika, kila rika likichukua takriban miaka kumi na mitano ya waliotahiriwa pamoja. Wakati ukifika, sherehe ilifanywa, na kila rika likapanda ngazi. Waliokuwa mashujaa wa vita waliukabidhi ushujaa kwa wadogo zao, wakawa wazee wa kushughulikia mambo ya jamii, baadaye wa kuamua kesi, na mwisho wa ibada. Hakuna aliyekufa. Kilichokufa ni cheo cha vita ndani yake. Mtu yule yule, mikono ile ile iliyoshika mkuki, sasa inatakiwa kusuluhisha.

Hilo seli haliwezi. Seli ni kazi yake, haina kitu kingine nyuma ya kazi. Ukiiondolea kazi umeiondolea yote, ndiyo maana mwili hauna njia ila kuivunja. Mtu ana kitu nyuma ya kazi. Anaweza kuwa jenerali akaacha kuwa jenerali na bado akaamka asubuhi akanywa chai. Anaweza kushindwa mtihani na bado akawa mtu. Uwezo huo wa kuacha bila kufa, mimi naona, ndio unaotutofautisha na mwili tunaojilinganisha nao, na sijui kwa nini tunautumia kwa nadra hivi.

Huku Mulembe ndiyo salamu yetu, na maana yake ni amani. Mwili hupata mulembe wake kwa vifo visivyo na idadi wala kilio. Wetu unakuja kwa njia ndefu na ya gharama: vikao visivyoisha, wazee wanaolipwa chai, mama wa mboga anayesukuma watu, matanga ya siku nyingi kwa mtu ambaye hata hakupendwa. Watu wanalalamika kwamba njia hii inapoteza muda. Ni kweli inapoteza. Ila kila mara nikisikia kiongozi kwenye mkutano akisema tuikate sehemu iliyooza, namkumbuka kukhu na ungo wake wa maharagwe, na nataka kumuuliza swali lake. Akishaikata, matanga yatakuwa boma gani, na yeye atakuja?